Ilani Niliyoikalia

Siwatu mwanangu,

Ya begi, ya chaja, ya kutokula vya njiani na ya kumpigia simu shangazi yako kila Ijumaa, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na nadhani ya nne ataikumbuka kesho ukiwa mlangoni. Mimi sitayarudia. Naandika baada ya alasiri. Wewe umekwenda Mtawanya kuwaaga ndugu za mama yako, na nyumba imetulia kiasi cha mtu kuweza kueleza jambo moja mpaka mwisho. Barua hii nitaiweka ndani ya daftari langu la jalada la kijani, na daftari nitaliweka juu ya nguo zako. Isome ndani ya basi ukishapita Mkuranga, mahali ambapo huwezi kurudi kubishana nami.

Jumamosi tulipokuwa tunakula ulitusimulia usaili wako. Ulisema walikuwa watu watatu, na yule wa katikati ndiye aliyeuliza swali lililokupa kazi: mgombea urais akifika delta, watu wanamtazama nini? Ukajibu bila kufikiri, "Miguu." Wakacheka, wakaandika, na siku ya pili wakakupigia simu kwamba utakuwa kwenye timu ya kupanga ziara za mgombea wao huku kwetu. Mama yako alishukuru Mungu. Wewe ulinigeukia ukasema, "Baba, ni ile habari yako ya viatu. Imenipa kazi."

Nilitabasamu nikanawa mikono, na wali ulikuwa bado nusu sahani. Mama yako aliona. Nataka nikueleze kwa nini nilinawa. Habari ile unaijua kama nilivyoiandika. Kama ilivyokuwa hujaijua bado.

Kwa zaidi ya miaka thelathini, kila uchaguzi kazi yangu ya uandishi wa habari imekuwa kuuliza swali moja: kwa nini huyu na si yule? Nilijifunza mapema kwamba jibu la kwanza mtu huwa amelisikia redioni. "Sera zake nzuri." Ukimuuliza sera ipi, anatazama pembeni, au anakutajia barabara, kwa sababu barabara haikosekani katika maneno ya mgombea yeyote. Ukinyamaza bila kufunga daftari, jibu la tatu linakuja lenyewe. Hilo ndilo lake.

Mkulima mmoja wa korosho hukohuko Mtawanya, katika jibu la tatu, aliniambia kwamba mgombea wake anaongea taratibu kama marehemu baba yake, na baba yake hakuwahi kumdanganya. Nilimuuliza kama mgombea huyo amesema lolote kuhusu korosho. Akanijibu, "Atakuwa amesema." Nilicheka naye, na jioni niliiandika kama kichekesho. Nilikuwa kijana, nikadhani nimeona ujinga.

Halafu nikakutana na mama mmoja wa Ngarambe ambaye mahindi yake yalikuwa yameliwa na tembo misimu miwili mfululizo. Alikwenda mkutanoni, akasikiliza mpaka mwisho, akarudi na uamuzi. Nilipomuuliza sababu alisema, "Alipofika kwenye tembo alicheka. Siwezi kumpa." Basi. Ilani ya mtu yule ilikuwa na ukurasa mzima kuhusu wanyama waharibifu, wenye maneno mazuri. Mama yule hakuusoma, wala hakuhitaji. Kile kicheko kilikuwa sera, na yeye aliisoma vizuri kuliko sisi tuliokuwa na karatasi.

Na usidhani wasomaji wa karatasi wako salama. Namkumbuka mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Kibiti, jirani yetu wakati tunakaa upande wa sokoni. Alisoma ilani zote neno kwa neno na kuzipigia mistari kwa kalamu nyekundu kama madaftari ya wanafunzi. Nilimheshimu sana kwa hilo, mpaka siku aliponiazima ilani hizo. Kwenye ilani moja alikuwa amepigia mstari mazuri tu, na kwenye ya pili makosa tu. Moyo wake ulikwisha kuamua kabla hajafungua jalada. Kalamu ilitumwa kwenda kutafuta mashahidi.

Kwa hiyo nilipofika umri wa kujiamini, niliamua kwamba watu wanachagua kwa machale, wakishachagua ndipo wanatafuta sera ya kuyavisha nguo. Na nikaamua kwamba machale ya watu wa kwetu ni mazuri, yangu yakiwa bora zaidi. Hilo la mwisho ndilo lililonigharimu.

Ulikuwa darasa la tano. Wagombea wawili wakubwa walikuwa waje upande wa Mbuchi katika wiki moja. Kabla yao alitangulia kijana mmoja wa msafara, akijiita Denis, mpole, shati limepigwa pasi, akanikuta kwenye mgahawa wa stendi nikinywa chai. Alinisalimia shikamoo kwa unyenyekevu uliozidi kidogo. Alisema anaandaa ziara ya mgombea wake, hajawahi kufika delta, na ameambiwa mimi ni mtu wa huko. Alitaka tu kujua mazingira.

Unanijua nikipewa chai na sikio. Nilimwambia kwamba kule hakuna gati, boti inaishia kwenye tope. Nilimwambia watu hukaa ukingoni na kumtazama mgeni anavyoshuka. Anayevua viatu mwenyewe, akavishika mkononi na kuingia kwenye tope bila kuulizia kina chake, huyo wanamhesabu mtu. Anayebebwa mgongoni wanamcheka mpaka jioni. Denis aliuliza tope hilo ni la hatua ngapi. Nikamwambia inategemea saa: ukija maji yamejaa, hakuna tope, unashukia majanini, ukija maji yanajaa lakini bado, unapata hatua ishirini hivi za tope, na boti yako inaelea, unaondoka unapotaka, ukija maji yanapwa, boti inakaa chini na wewe unakaa nayo mpaka yarudi. Alishukuru, akaondoka. Sikuona ajabu. Nilikuwa nimeongea na kijana anayependa kujifunza.

Mgombea wa kwanza, siye wa Denis, alifika siku ya Jumanne. Mtu mzima, miwani minene. Boti ilipogota alitazama tope, akasema neno kwa msaidizi wake, na mvuvi mmoja mwenye mabega mapana akaitwa, akambeba mgongoni. Unawajua wanawake wa kule. Hawakungoja hata afike nchi kavu. Shangazi yako Somoe ndiye aliyeanza: "Jamani, mwali katoka!" Na wenzake wakapiga vigelegele vile tunavyompigia msichana anayetolewa ndani na kubebwa mabegani siku ya ngoma yake. Mmoja akauliza kama mwali amekuja na kungwi wake. Mwingine akasema, huyu anayeogopa tope mamba atawaweza? Yule mzee alipofika juu na kushika kipaza sauti alikuwa amekwisha kushindwa, naye alijua.

Alihutubia kwa sauti ndogo. Alisema habari ya mipaka ya hifadhi ya mikoko na mashamba ya mpunga yaliyomo ndani yake, kwamba mipaka ile ipimwe upya na wakulima wakiwepo. Watu walikuwa bado wanacheka. Mimi niliandika: "Mipaka, uk. 43?" na alama ya kuuliza. Niliandika pia jambo jingine. Wakati anabebwa, suruali yake ilipanda, nikaona kifundo cha mguu kimefungwa bandeji inayovuja rangi ya njano. Utaona mstari huo kwenye daftari, ni mwandiko wangu: "Bandeji mguu wa kushoto, kidonda." Kwenye habari niliyopeleka sikuuweka. Ungeharibu habari. Mtu mwenye kidonda kibichi akiingizwa kwenye tope lile anaweza kupoteza mguu, na ningeliandika hilo, kicheko kisingekuwa na mahali pa kukaa. Nimeandika mengi ya haraka maishani, lakini lile sikulifanya kwa haraka. Nilikaa nikafikiri, nikaliacha.

Mgombea wa Denis alifika Ijumaa. Maji yalikuwa yanajaa. Boti iligota hatua kama ishirini kutoka nchi kavu. Hakumngoja mtu. Aliinama, akavua viatu, akaingiza soksi ndani yake, akavishika kwa mkono wa kushoto, akakunja suruali na kuteremka. Tope lilimfika kwenye magoti. Alitembea akicheka, akampa salamu kila mtu, na alipofika juu alikaa mkekani na miguu yake michafu akala ubwabwa kwa mkono. Wanawake walewale wakapiga vigelegele vya kweli. Mvuvi yule mwenye mabega alinigusa akaniambia, "Huyu amezaliwa kwenye maji huyu." Mimi machale yalinicheza mwili mzima. Nilisimama ukingoni, mtu mzima mwenye miaka yote ile ya kazi, nikasema moyoni: nimemwona rais.

Ilani yake ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilikuwa nayo wiki tatu. Wakati wa kwenda, benchi la boti lilikuwa limelowa, nikaitoa nikaikalia. Nimeitunza. Ina alama ya maji mpaka leo. Kwenye ukurasa ambao alama hiyo imeishia kuna sentensi moja, fupi, isiyoficha kitu: shughuli zote za kilimo ndani ya hifadhi ya mikoko zitaondolewa. Hakumdanganya mtu. Aliiandika, akaichapa, akaigawa. Mimi nilikuwa nimeikalia, na wengine walikuwa wanatazama miguu.

Habari yangu ya viatu ndiyo unayoijua, uliyoisoma darasani kwenu kwa sauti na kurudi nyumbani umevimba kwa fahari. Ilisambaa. Pale kituoni kwa shangazi yako mtu wa viatu alishinda kwa mbali, na hatimaye alipata alichokuwa anakitafuta. Nikupe na hili ambalo hata mama yako sikumwambia kwa miaka mingi, mimi ninayewaambia watu kwamba mwandishi hana upande: nami nilimpigia kura. Nilikuwa peke yangu na karatasi, hakuna mhariri, hakuna anayenitazama, na kitu nilichokiona kichwani mwangu kilikuwa soksi zilizoingizwa ndani ya viatu.

Mwaka wa pili walikuja wapimaji. Hawakuwa watu wabaya, walikuja na ramani wakafanya walichotumwa. Kigingi chenye rangi nyekundu kikachimbiwa shambani kwa shangazi yako, kwenye kijia kinachotoka kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, kwenda chooni. Upande wa juu wa kigingi ni wake, kijisehemu cha kuotesha bamia. Upande wa chini, kwenye mpunga wote ulioula tangu umeota meno, ni hifadhi. Aliambiwa avune msimu ule, kisha waangalie. Tangu hapo kila msimu anaambiwa huu ndio wa mwisho, na kila msimu analima kama mwizi, akitazama mtoni boti ya nani inakuja. Serikali itakayoingia baada ya uchaguzi huu ndiyo itakayosema. Anaondoka au anabaki, basi. Hilo ndilo lililopo mezani, Siwatu, na wewe kesho unakwenda kukaa kwenye hiyo meza.

Denis nilikutana naye tena mwaka wa tatu, palepale stendi. Amenenepa, gari limesimama nje. Aliniamkia kwa furaha ya kweli, akaniagizia chai bila kuniuliza, akaniambia, "Mzee, ile ya viatu ilitusaidia sana." Nikamuuliza ipi. Akashangaa kwamba sijui. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemkumbusha mzee wake aliyeanza kusahau: walifanya mazoezi siku mbili ufukweni, mkono upi ushike viatu ili picha iuone uso, soksi zikae wapi. Saa ya kufika walichagua kwa maneno yangu, ili tope liwepo la kutosha picha na maji yawepo ya kutosha kuondokea. "Hata tope tulilipima," alisema. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anashukuru.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Ukurasa wa chai ya kwanza upo, nilikuwa nimeandika saa za maji ili nimwonyeshe. Ukurasa wa Ijumaa upo, na nimeandika kwa herufi kubwa: HAKUFUNDISHWA NA MTU. Kati ya kurasa hizo mbili kuna karatasi sita. Nilikuwa nimeona maneno yangu mwenyewe yakitembea kwa miguu ya mtu mwingine, nikayaita silika.

Nilivuka kwenda kwa shangazi yako kumwambia. Nilimkuta juu ya dungu anaamia ndege, kamba mkononi, mpunga umeanza kuinama. Nilimweleza yote nikiwa chini, na yeye juu, kila baada ya sentensi mbili anavuta kamba makopo yanalia. Nilitegemea atanitukana. Yeye akauliza kama yule mzee wa kubebwa kweli alikuwa na kidonda. Nikasema kweli. Akavuta kamba.

"Na wewe ulikiona?"

"Nilikiona, dada."

"Basi mimi nilicheka kwa sababu sikujua. Wewe umenyamaza unajua."



Lakini nilipomwambia kwamba kosa letu sote ni kutazama miguu badala ya kusoma, alikataa, na namna alivyokataa ndiyo ninayotaka uikumbuke kuliko maneno yangu. Alisema karatasi zimemfikia nyingi kabla ya ile, za zahanati, za gati, za madawati, na alizozisoma hazikumfaa zaidi ya alizofungia dagaa. Mguu, alisema, angalau unauona. Anayeogopa tope hatarudi. Hilo si ujinga, ni hesabu ya mtu aliyewahi kuachwa. "Hatukukosea kutazama," alisema. "Tulitazama kidogo. Mtu amekaa saa moja na nusu. Hata mkwe humjui kwa saa moja na nusu."

Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko vitabu vingi nilivyosoma kuhusu uchaguzi. Moyo unapima mtu aliye mbele yako asubuhi hii, na asubuhi hii inaweza kupangwa na kijana mwenye shati la pasi. Ilani inakuambia walichokubali kukichapa, nayo imeandikwa na watu ambao hutawaona, kwa maneno yaliyochaguliwa ili yasimshike mtu shati baadaye. Yule mzee wa kidonda, ukurasa wake wa arobaini na tatu niliutafuta baada ya wapimaji. Ulisema mipaka "itapitiwa". Nimeishi na neno "kupitiwa" muda mrefu, linaweza kuwa na maana ya kupimwa upya, na linaweza kuwa na maana ya gari kupita. Sijui angefanya nini. Usikubali mtu akuambie kwamba anajua.

Sasa nirudi kwenye wali wangu niliouacha. Ulipotaja lile jibu, nilisikia sauti ya Denis. Wewe si yeye, na sisemi watu wako ni wabaya; siwajui. Lakini niliona kwamba kosa langu limerithiwa, na limerithiwa kama sifa. Wamekuajiri kwa sababu unajua kile ambacho shangazi yako anatazama. Mtu anayelipa kujua hivyo ana sababu mbili tu: anataka kuonekana, au anataka kuonekana bila kujulikana. Sijui wako ni ipi. Wewe utajua kabla yangu, ukitaka kujua. Watakupenda, watacheka utani wako, na utaanza kusema "sisi". Siku utakayosema "sisi" kwa mara ya kwanza bila kugundua, tafuta ilani yao usome ukurasa wa mikoko ukiwa umesimama.

Jumatatu nilikwenda kumwambia shangazi yako kwamba umepata kazi ya kupanga ziara. Nilidhani atalia au atakuombea dua. Aliuliza jambo moja: je, ni wewe utakayechagua saa ya boti kufika? Nikasema kwa nilivyoelewa, ndiyo, wewe ndiye utakayeulizwa habari za maji. Akasema:

"Mwambie amlete na maji yanayopwa."

Nilimuuliza kwa nini, ingawa nilikuwa nimeanza kuona. Alisema mgombea akija na maji yanayopwa saa tatu asubuhi, boti itakaa kwenye tope mpaka saa kumi jioni. Viatu avue asivue, abebwe asibebwe, safari hii hawatamcheka mtu. Hotuba itaisha, wapiga picha watachoka, jua litapanda. Atasikia njaa, atakula kwao. Ataulizwa habari ya mpunga mara ya kwanza na atajibu kama redio. Ataulizwa mara ya pili. Mpaka saa saba atakuwa amefika kwenye jibu la tatu. "Na kigingi atakiona," alisema, "maana kiko njia ya chooni. Hakuna mtu anayekaa kwangu kutwa nzima asipite pale." Nikamwambia wakubwa siku hizi wanaitiwa helikopta. Akasema itue wapi, juu ya mpunga wake? Basi hapo angalau atakuwa amejua mpunga ni wa nani.

Alicheka, lakini hakuwa anatania. Anachoomba ni siku moja ya mtu kushindwa kuondoka. Miguu na mdomo vya mtu yuleyule, kutwa nzima, mahali pasipo mlango wa nyuma. Katika kazi yangu yote sijawahi kupata njia nzuri zaidi ya kumuuliza mgombea swali.

Nimekuandikia saa za maji za miezi ya kampeni kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Siku ambazo maji yanapwa asubuhi nimeziwekea duara. Hawatapenda. Ratiba yao ina vituo vitatu kwa siku, na boti ikikaa kwenye tope mtu atatafutwa wa kulaumiwa, na mtu huyo utakuwa wewe. Unaweza kupoteza kazi ambayo mama yako bado anaishukuru kwenye kila sala. Mimi sitakuambia kazi si kitu. Nimekula kwa kazi. Ukiona bora umwambie mgombea wazi mapema, kwamba kuna watu wanaomba kutwa yake na si saa yake, mwambie. Akikataa, nalo ni jibu, liandike na tarehe. Akikubali, usimfundishe kitu kuhusu viatu. Mwache ashuke anavyojua.

Na mimi nitilie shaka pia. Soma tena barua hii, utaona kwamba nami nimekupangia saa, kama Denis alivyopanga, na nimeweka daftari juu ya nguo zako mahali ambapo huwezi kuliacha. Nina dada mwenye shamba. Nina deni la kidonda nilichokificha. Mtu mwenye mambo hayo hashauri bure. Pima hayo kwanza, halafu uamue, na kura yako utakayoipiga sitakuuliza, leo wala baadaye.

Nasikia mlio wa pikipiki njiani, nadhani ni wewe unarudi, kwa hiyo namalizia. Siku mtakayokuja, wewe na huyo mtu wako, nitakuwa nimetangulia kwa boti ya asubuhi. Nitakuwa ukingoni na wanawake, na ilani yenu nitakuwa nayo, imesomwa. Benchi likiwa limelowa, nitasimama.

Baba yako